Faili la Kujaribia

Dada yangu mpenzi,

Huo mkwaruzo hapo juu ni wa mwanao, huyu niliyemzaa mimi. Ameninyang'anya kalamu sasa hivi, akachora, kisha akaicheka kazi yake mwenyewe. Ichukue kama shikamoo yake. Yangu ndiyo hii ya maneno. Mguu umepona? Sisi wazima, ila anaota meno na vidole vyangu ndivyo anavyotafuna.

Niko naye kazini, nimekaa mapokezi. Leo seva, ile mashine inayotunza vipindi vyote vya redio yetu, inawekewa mfumo endeshi mpya, maana wa zamani umechoka. Unanijua kwa udadisi. Niliacha kudeki nikamuuliza fundi, ukiibadilisha akili, haitasahau ilivyotunza? Akasema hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Kwanza unanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, halafu unaifungulia nakala kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua, alisema, usiiite nakala. Ndipo uiguse seva.

Akaniambia nichague faili lolote la kujaribia. Nikachagua bila kusita. Jina lilikuwepo, lakini kulifungua, kimya. Mengine nayo kimya. Kumbe alinakili njia za mkato tu, yaani majina yanayoelekeza vipindi vilipo, vipindi vyenyewe vimebaki kwenye seva. Mtangazaji akamtania kwamba amehamisha vibao vya milango akaziacha nyumba. Fundi hakucheka, akaanza upya. Mimi nilisimama nyuma yake hadi alipomaliza, dada, na sasa nikuambie kwa nini.

Faili lile ni la Mama. Unakumbuka walipomwalika, yeye na ukunga wake, awafundishe wazazi wapya kumbeba mtoto mchanga? Tulidhani kipindi kilishapotea. Juzi mtangazaji alikiona akaniita. Sikukupigia simu kwa sababu nilitaka nikuletee sauti yenyewe, si habari yake.

Nakala ya pili ilifunguka. Mwanao, ambaye bibi yake alifariki kabla hajazaliwa, aliacha kutafuna akageuka kumtafuta anayeongea. Hapo ndipo fundi alipoanza kuibadilisha seva. Ikiamka salama, ameahidi kunitolea kipindi chetu nikutumie. Nimeanza kuwaza kwamba mtoto huyu atakua akiijua sauti hiyo kama anavyoijua yangu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mwambie mkubwa wao kwamba

ngoja, fundi ananiita, seva imewaka, na kwenye spika ya hapa mlangoni namsikia Mama akisema mshike shingo kwanza, taratibu, halafu