Paa la Jiko la Mkata

Old Korogwe,
Septemba, vuli haijaanza.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kwenda shamba na kurudi bila kuliapiza njiani. Sabiri mdogo wangu hajambo? Na ule muhogo wa bondeni, nguruwe wamekuachieni chochote? Mimi sijambo, ila naoga asubuhi na jioni na bado mchanga unanitoka masikioni.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Mama, kwenye simu huwa unanikatia nikifika kwenye neno usilolipenda, na humu lipo. Barua haikatwi. Unaweza kuichana tu, nami nakuomba usiichane kabla ya kufika mwisho.

Uliniambia majirani wanakuuliza kazi yangu hasa ni nini, nawe unakosa jibu. Waambie hivi: zile kota za zamani, alikokuwa fundi marehemu baba, zinabomolewa ili zijengwe ghorofa za watu kuishi. Mimi naangalia ubomoaji usiwadhuru watu wala mto. Matofali mazima yanarudi kazini, vipande vinasagwa vishindilie barabara ya ndani, na lori la kifusi likionekana kuelekea mtoni nalisimamisha mimi mwanao, kwa mkono huu huu unaoujua. Juzi dereva mmoja aliniuliza tangu lini mto Pangani ukakataa mchanga. Nikamwambia mto haujakataa, waliokataa ni wanaoteka maji kule chini. Aligeuza gari huku akisonya.

Na yupo Chandrika, mwenye duka la vitenge linalotazamana na geti letu. Kila asubuhi alikuwa ananiita, anapitisha kidole kwenye jora jeupe na kunionyesha. Alisema hicho ndicho kipimo chake cha vumbi, na kile changu cha umeme nikawadanganyie wakubwa. Siku hizi tunamwaga maji kabla ya kugonga ukuta na tumezungusha maturubai. Kipimo changu kilipotulia nilivuka barabara kwenda kukiuliza kidole chake. Akasema kimeanza kuridhika, akanipa chai ya maziwa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mapaa. Unanijua, jambo nisilolielewa hunikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kuta zinaangushwa kwa mashine, ila walipofika kwenye yale mabati ya kijivu yenye mawimbi mapana, mazito kama saruji, walikuja watu wengine kabisa, wamevaa meupe mpaka vichwani na wameziba pua. Waliyalowesha, wakafungua misumari mmoja mmoja, wakayashusha polepole kama mtu anayemshusha mgonjwa. Kisha wakayafunga kwenye nailoni nene yakazikwe kwenye shimo maalumu. Mabati mazima, mama! Kwetu nani anatupa bati zima? Watu walijaa getini wakiomba ya mabanda ya kuku, na moyoni nilikuwa upande wao.

Nikamfuata mkuu wao, Habakuki, mtu mpole wa Vugiri. Alinieleza kwamba hayo ni mabati ya asbesto, na ndani yake mna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Likikaa juu bila kuguswa halina neno kubwa. Likikatwa msumeno, likivunjwa au likisuguliwa, nyuzi zinapaa, na mtu akizivuta zinabaki mapafuni na zinaweza kumuumiza miaka mingi baadaye. Nikamuuliza hili, nikamuuliza lile, kesho yake nikamrudia, mpaka akataka kujua nauliza kwa ajili ya nani.

Wewe unajua kwa ajili ya nani. Paa la jiko letu lilitoka kwenye kota hizi. Baba alipewa kama shukrani, akalileta Mkata juu ya lori la mahindi, akalikata pale uani kwa msumeno wa mkono, nasi tukamcheka nyusi zilivyogeuka nyeupe. Na kila mwaka kabla ya vuli mnalisugua kwa fagio la chelewa ili maji ya pipa yawe safi. Nani angedhani usafi nao una hatari? Mwambie Sabiri fagio aliweke chini. Mwaka huu asipande.

Kuna kosa nimekufanyia, nalo nalisema. Kwenye mkutano wa wananchi Habakuki aliuliza nani ana mabati ya kota nyumbani kwake. Watu wakatazama miguu yao, kila mmoja akihofia kunyang'anywa. Nikanyoosha mkono, nikalitaja jiko la mama yangu mbele ya umma. Najua hupendi nyumba yako itajwe barabarani. Lakini baada yangu mikono ilinyanyuka mingi, hata wa Chandrika, kwa stoo yake. Jumamosi nakuja na watu wa Habakuki kulishusha, na bati jipya nakuja nalo.

Silo hilo nililoogopa kukuambia kwenye simu, mama.

Tangu baba afariki kwa kile kikohozi, hujapika chini ya paa lile. Unapika uani, jua likuwakie, mvua ikunyeshee. Siku moja ukifua kanzu yake uliniambia kwamba aliyemuua ni wewe, kwa moshi wa kuni zako. Tangu hapo neno lile natembea nalo. Hospitali walimtibu kifua kikuu, ingawa kwenye vipimo hawakukiona. Nimekwenda kumuuliza daktari hapa Korogwe. Alisema hawezi kuapa juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa, lakini fundi aliyekata mabati haya nusu ya maisha yake anaweza kukohoa vile vile, hata kama mkewe hajawahi kuwasha kuni.

Nami sikuapii. Nakuambia tu nilichokipata, kwa kuwa nimeshindwa kukaa nacho: huenda hukuwa wewe, mama.

Nisalimie shangazi Mwaija na jirani zetu wote, na Sabiri mwambie achonge fito za kutosha. Tutaliachia jiko dirisha kubwa la kutolea moshi. Jumamosi jioni, nyundo zikinyamaza, nataka uingie ndani uwashe moto wako, utupikie bada, ugali wetu wa muhogo. Nitakaa karibu na mafiga.

Mwanao anayekupenda,
Hajira Mhina