Motere ya Ngalula na motere ya Mama Odile

Siku ya tatu, 8 januari 2025

Leo nimeelewa ugonjwa ya Ngalula, bibi yangu wa ndoa. Mi Tshiamala, masomo ilikomea primere, mwaka wa ine — nimeelewa! Ngalula iko na kansere ya damu, mwaka wa pili sasa. Mujukuu yetu Abigaëlle, ule anasomea bunganga, alitufasiria. Ndani ya damu kuko kitu kidogo kabisa, jina kinaze. Kazi yake kuamuru: zaa, ongeza. Kisha inyamaze. Ya Ngalula hainyamaze. Inaamuru tu, globile nyeupe, zile chembe za damu, inajaa.

Nikamukatiza — ngoja, mutoto! Mi nilikuwa elektrisie ku mine miaka makumi tatu na moja. Hiyo ni kontakteri, ile swichi ya motere, yenye kukamatana! Unafinya buto ya kusimamisha, motere ya mukanda inazunguka tu, majiwe inamwangika fasi yote. Na dawa? Akasema inaingia pale kinaze inapatiaka nguvu, inaziba. Sawa mi nilikuwa natia kipande ya mbao kati ya vyuma ya kontakteri! Akacheka: kambo, unashinda baprofesere.

Nilijua.

Siku ya posho, 11 januari

Komprime ine za dawa kila siku, na chakula, bukari, na kopo muzima ya maji. Mi mwenyewe namupatia. Ngalula analalamika macho inavimba. Nikamwambia: ivimbe, ni macho ile ile iliniangusha 1974. Akanitupia kitambaa.

Korale ilipomaliza kuimba nilifasiria bantu mambo ya kinaze pa lupango ya kanisa. Nikasema: kansere yote ni buto moja, na dawa yake iko kwangu mu kabati. Mama Odile, rafiki ya Ngalula ku korale, alisogeza kiti karibu.

Siku ya tano, 14 mars

Globile nyeupe imepanda. Ilikuwa elfu saba, leo elfu makumi ine. Munganga akauliza kama mama anameza yote. Nikasimama! Mi naulizwa vile? Nikamwambia mashini yake ya labo njo inadanganya. Ngalula alikuwa anaangalia viatu.

Ku taxi-moto, kurudia, alinishika kiuno nguvu kuliko siku zote.

Siku ya yenga, 16 mars

Mama Odile amenipigia magoti inje ya kanisa! Aksanti Tata Tshiamala, dawa yako inanisaidia, uvimbe ya ziwa haiume tena.

Dawa gani?

Kumbe Ngalula anameza mbili. Zingine mbili, nikigeuka, anafunga mu kitambaa, anamupelekea. Toka januari! Nyumbani nilipiga kelele mpaka kuku ikakimbia. Yeye, pole pole: Tata, ugonjwa ni moja, mi nikule peke yangu, mwenzangu aniangalie? Kwetu banakulaka vile? Na ni wewe ulisema buto ni moja.

Ni mi.

Abigaëlle amekuja mbio. Hakucheka leo. Akasema: kila kansere na mambo yake. Ya Mama Odile hata haijapimwa, dawa ya Ngalula haikutengenezwa juu yake. Anangoja bure, uvimbe inakomaa. Na Ngalula kumeza nusu — ugonjwa inaweza kuzoea dawa, ikatushinda. Ngalula batamupima tena. Kambo, akaniuliza, ku mine buto moja ilisimamisha mamotere yote?

Haikusimamisha. Kila motere na kontakteri yake. Na mi njo nilikuwa naandika banamba ku kila moja, na rangi nyekundu. Miaka makumi tatu na moja!

Siku ya pili, 18 mars

Jana ine, leo ine, mbele yangu. Ngalula anafungua kinywa sawa mutoto, anatoa ulimi kunicheka. Nampenda, mwizi huyu.

Sasa tuko kwa Mama Odile, mutaa ya Manika. Nimeleta kaye hii, daftari yangu, juu nilichora motere mbili, nimuonyeshe. Abigaëlle amemupatia siku ya kupimwa, kesho kutwa. Anapashwa kwenda. Nani amwambie ile dawa si yake? Ngalula: kinywa ilikuwa yako, Tata.

Lakini Odile amechinja kuku! Ya kutushukuru. Anaimba mu jikoni, namusikia. Saa moja tunaikala, sijasema neno. Mi, mwenye kusema sana — naandika tu.

Ameleta beseni ya kunawa. Tata, acha kaye, kuku inapoa!

Ngalula hanyooshi mikono. Ananiangalia mi, anangoja kinywa yangu.