Mstari wa Mwisho Kwenye Bamba

Yakobi, Njombe
13 Machi 2023

Mwanangu Anyisile,

Kamwene. Mkeo Rejoice na watoto hawajambo huko Makambako? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nitapiga kelele tu.

Jana tukiwa ibadani, mtu amebomoa mnara wetu. Tumetoka kanisani tukakuta matofali yametapakaa hadi kwenye miparachichi ya jirani yetu Priska. Bamba la chuma ulilolichonga wewe limepigwa nyundo mpaka limekunjika. Majina thelathini na moja, Anyisile! Watu waliouawa na askari wa Mjerumani, na watoto waliokufa njaa baada ya vihenge kuchomwa. Zaidi ya miaka mia hawakuwa na hata kaburi. Tumewajengea mnara, haukumaliza miezi miwili.

Mwenyekiti anasema ni wale wanaotafuta dhahabu ya Wajerumani. Mbona hakuna hata shimo? Na mstari wa mwisho, ule unaosema babu yetu ndiye aliyewaongoza askari, umesagwa hausomeki kabisa.

Tengeneza lingine. Safari hii chuma kinene.

Shangazi yako,
Dorosela


Makambako
20 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Lile bamba nililifanyia kazi wiki tatu. Nimeshakata lingine, la milimita sita. Waje tena na nyundo yao.

Nilimweleza baba. Alisema, "Poleni," akaendelea kunywa chai. Baadaye akauliza kama ni lazima mstari wa mwisho urudi. Na mimi nakuuliza, shangazi. Ni lazima?

Mwanao,
Anyisile


Yakobi
27 Machi 2023

Anyisile,

Kamwene. Afya yangu iko vilevile, usiulize.

Ni lazima. Bibi yake Lidia alitolewa kwenye moto akiwa mtoto mchanga, kwao akapona peke yake. Mimi nimekua na Lidia, nimekula kwao, nimelala kwao. Hakuniambia hata siku moja kwamba babu yangu ndiye aliyeonyesha walikojificha. Siku ya kukusanya majina nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua." "Mbona ulinyamaza?" Akasema, "Ulikuwa mtoto kama mimi."

Sasa niandike waliokufa, halafu aliyewaua nimfiche kwa sababu ni wa kwetu? Mwambie baba yako kaka Jacob nimekataa.

Dorosela, shangazi yako


Makambako
9 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi yote hii. Sikuwa mgonjwa. Sikujua niandike nini.

Ni baba.

Mwezi wa nne nilirudi karakana saa saba mchana nikamkuta ameshika grinda, anasaga mstari wa mwisho kwenye bamba jipya. Nikakata umeme. Nikamuuliza, "Na kule Yakobi ni wewe?" Akasema, "Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Unataka wajukuu zangu wapite pale wasome kwamba wametoka kwa muuaji?"

Nikamwambia, "Na wale thelathini na moja wamekukosea nini?"

Akakaa kwenye ndoo. "Nilianza na ule mstari mmoja," akasema. "Nikashindwa kuacha."

Nilitaka kumpiga, shangazi. Baba yangu mzazi. Nilitoka nje nikatembea mpaka stendi na kurudi.

Lakini ana miaka sabini na nne, na presha yake unaijua. Tuyamalize kifamilia. Nakuomba.

Mwanao,
Anyisile


Yakobi
14 Juni 2023

Mwanangu,

Kamwene. Ahsante kwa kusema kweli, hata kama imechelewa.

Tuyamalize kifamilia, familia ipi? Waliolala pale si wa kwetu. Nimemsomea Lidia barua yako yote. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Mwishoni akasema, "Jacob aje mwenyewe. Asimtume mtoto."

Kisha nimeenda polisi, nimemtaja kaka yangu wa tumbo moja. Askari akaniuliza kama nataka kupumzika. Nikamwambia andika. Jacob atanichukia. Wiki hii mimi namchukia zaidi: mwoga aliyesubiri watu wafumbe macho wasali.

Shangazi yako


Makambako
3 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Baba amehojiwa, yuko nje kwa dhamana. Presha imetulia. Nilimpelekea maneno ya Lidia. Akasema kama nimekuja kwa hilo, nifunge mlango. Nimeufunga, nikiwa nje.

Bamba limekamilika. Mstari wa mwisho nimeuchonga upya, kwa herufi sawa na nyingine zote, na chini yake nimeongeza mwaka huu na jina la aliyebomoa. Ukiona nimekosea kuliweka jina hilo, nitalifuta mbele yenu. Nadhani sijakosea.

Jumamosi nakuja na saruji. Mwambie mama Lidia baba hatakuja. Na mwambie mimi sikutumwa na mtu.

Anyisile, mtoto wa Jacob