Shimo Lililofuka Moshi Maruku

Kibeta, Bukoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limetulia, maana safari ya kuja kuniposea Kokushubila inalihitaji. Mimi ni mzima, nanenepa kwa ndizi. Ningekupigia simu ungenikatiza kwa kicheko, ndiyo maana naandika.

Wiki iliyopita Paulo, yule muuza dagaa wa kwetu Magu, aliniletea siri. Alisema huko Maruku amemwona mzee akifukia mzigo shambani, akaufunika kwa majani ya mgomba na udongo, na moshi ukafuka kutoka ardhini. Tukakubaliana kuwa ni mtambo wa gongo, ile pombe haramu. Mkuu wa kituo chetu cha polisi aliniuliza kama Paulo ameuona mtambo wenyewe au moshi tu. Baba, nilitamani kupandishwa cheo. Nikamjibu kuwa Paulo hasemi uongo. Akaniamini, akasaini hati ya upekuzi.

Tulikwenda na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Kila alipofungua kinywa nilimwambia asiingilie upelelezi. Mwenye shamba, Mzee Aristides, alinisihi nisifukue, nami nikaona hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nikafukua hadi nikalowa jasho. Lo, ndizi tupu! Wahaya huziivisha shimoni kwa moto na moshi ili wakamue rubisi, pombe ya kupokelea wageni, na shimo likifunguliwa mapema zinaharibika. Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini. Mkuu wangu hakucheka. Alisema neno la mtoa habari ni la kuanzia kuuliza, si la kushikia jembe, na kweli alisema kweli.

Sasa kaa vizuri, Baba. Mzee alisoma jina kifuani pangu, akauliza kama mimi ndiye Mhoja mwana wa Mayenga. Kabla sijajibu, Kokushubila akatoka jikoni. Nilijua kwao ni Maruku, lakini nyumba sikuijua, maana mila hainiruhusu kufika kabla yenu. Rubisi niliyoiharibu ilikuwa ya kuwapokea ninyi. Niliona aibu kubwa, nikajua mke nimemkosa.

Mzee alisema posa isogezwe mbele wiki moja, na shimo jipya nilichimbe na kulichochea mimi mwenyewe. Nimelichimba. Jana, nilipokuwa nikikohoa moshini, alimwagiza Kokushubila amletee mkwe wake maji ya kunywa.

Msalimu sana Mama na majirani wote. Paulo anawasalimu kutoka migombani, anakokata majani ya kufunikia.

Mwanao anayenuka moshi,
Mhoja