Matundu Kabla ya Chai

Jumatatu, 8 Septemba

Mlio ule haujanitoka. Ta. Ta-ta. Kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni, ila huu unatoka chini, topeni. Nilipokuwa mdogo niliusikia kila maji yakikupwa, nje ya tuta, kwenye mikoko. Kamba na kaa katika vijumba vyao vya tope. Miaka mitatu ya chuo sikuusikia hata mara moja, na niliukumbuka kuliko sauti za watu.

Leo nimeusikia ndani ya tuta. Bwawa la tatu. Pale ambapo hakuna kinachoishi.

Nilikuwa naziba matundu kama kawaida. Sheria ya Babu, aliyelijenga shamba hili la chumvi: hakuna chai kabla matundu ya kaa hayajazibwa. Tundu likilala wazi, bahari inaingia na chumvi inaharibika. Babu amekufa, sheria yake haikufa. Baba anaanzia lango la mashariki, mimi bwawa la tatu, tunakutana katikati. Konzi ya udongo, kisha unashindilia kwa mti wa Babu, ambao umesuguliwa na mikono mpaka unang'aa.

Chumvi yenyewe hatujavuna huu msimu wa pili. Mvua inanyesha miezi isiyo yake na kuyeyusha kila kitu. Lakini tunaziba.

Jumatano, 10 Septemba

Michu, jamii ya mikoko. Ndani ya bwawa la tatu. Mingi. Mingine haizidi kiganja, mmoja unanifika gotini.

Imeota kwenye tope lililokuwa jeupe kwa chumvi tangu kabla sijazaliwa. Nilipiga magoti kuiangalia. Imefuata mstari mmoja, kuanzia kwenye yale matundu ya pembeni ambayo huwa nayaziba juujuu kwa uvivu. Maji ya bahari yanapenya pale, yanasuuza tope, yanatoka. Kidogo kidogo, kila siku. Kaa wamekuwa wakiliosha bwawa letu na sisi tumekuwa tukiwafungia mlango.

Majani yake ni madogo na manene kuliko ya michu ya nje. Yana chembe nyeupe. Nililamba moja. Chumvi kali. Mti unainywa na kuitoa kama jasho. Mizizi imeshaanza kuchomoza juu ya tope kama penseli, inatafuta hewa kwa kuwa chini hakuna.

Haya nilifundishwa, kwa picha ubaoni. Picha haikuwa na hasira. Miti hii ina hasira. Sijui neno la kisayansi la hilo.

Ijumaa, 12 Septemba

Baba karudi kutoka Pongwe. Amezungumza na mwenye greda. Linakuja Alhamisi ya tarehe 25. Litapitia juu ya tuta la bwawa la tatu, ndilo pana, na litainua tuta zima la upande wa bahari.

Sababu anayo. Wakati wa bamvua la mwezi uliopita, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari iliruka tuta, ikavuka mabwawa yote, ikagusa ukuta wa makaburi yetu, alipolala Babu. Niliona. Tangu siku hiyo Baba halali vizuri.

Udongo utachotwa ndani ya bwawa la tatu. "Lile limekufa," alisema.

Nilikula wali wangu. Nilichukia mpaka ule wali.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia. Vibaya, kwa sauti ya juu, katikati ya chakula. Kwamba hapa palikuwa na mikoko, Babu akaifyeka kupata shamba, na mikoko ndiyo iliyokuwa ukuta wetu. Kwamba tuta likibomoka halijijengi, lakini mchu ukivunjika unachipua. Kwamba bahari ya sasa si ile aliyoipimia Babu. Tulikate tuta la bwawa la tatu, nikasema, bahari iingie na kutoka ipendavyo, michu isimame mbele ya makaburi. Mabwawa mengine yabaki yalivyo.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akatoka.

Mama akaniuliza, "Tumekusomesha chuo kikuu uje kuwa wakili wa kaa?" Alicheka mwenyewe. Akanitaka angalau niwadai hao kaa ada yangu, wailipe kwa gando moja moja.

Sikucheka mbele yake. Nimecheka sasa. Wakili wa kaa. Sawa.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku ya nne siligusi bwawa la tatu. Mengine naziba vizuri, Baba akiniona. Ni udanganyifu. Sijisikii vibaya kama nilivyotarajia.

Athumani alipita. Ndiye kibarua pekee aliyebaki shambani, Mdigo, hana asiyemtania. Alitazama matundu yaliyo wazi, akanitazama mimi, kisha akawainamia kaa.

"Shikamooni, wenye shamba."

Nilimwomba asiseme. Akaniambia, "Dada, kaa hajui hati. Mzee wako anaijua." Akaenda zake na toroli lake tupu. Sijui kama hiyo ilikuwa ahadi au onyo.

Jumamosi, 20 Septemba

Baba amejua. Hakuambiwa na mtu. Aliona maji yaking'aa ndani ya bwawa.

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Aliuchukua mti wa Babu mkononi mwangu, akapiga magoti, akaziba bwawa la tatu peke yake, tundu kwa tundu, asubuhi nzima. Chai ikapoa. Goti lake la kushoto linamsumbua. Kila alipotaka kuinuka aliuegemea ule mti. Aliikanyaga michu bila kuitazama, kama mtu anavyokanyaga majani makavu. Nilimwonea huruma. Pia nilitaka kumnyang'anya mti na kuutupa baharini. Nikasimama tu.

Alipomaliza alisema, "Wenzangu waliachiwa minazi, waliachiwa nyumba mjini. Mimi niliachiwa hili."

Nikasema, "Na mimi, Baba? Nitaachiwa tuta la kuchungulia bahari?"

Alifuta udongo kwenye mti kwa upindo wa kikoi. Akauegemeza ukutani, upande wake.

Jumapili, 21 Septemba

Yote yamefunguka. Matundu mapya, kando kabisa ya yale aliyoyaziba Baba, kama vile hakuna aliyepiga magoti pale jana. Mmoja wa michu aliyoikanyaga umelala ubavu, ila ncha yake ya juu imeshaanza kujipinda kuelekea juani.

Nilicheka peke yangu bwawani. Aliyeniona atakuwa amenisomea dua.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwezi mchanga. Bamvua limeanza. Alasiri bahari ilibakisha shubiri moja kufika juu ya tuta. Baba aliketi kwenye ukuta wa makaburi na kuitazama mpaka iliporudi. Hakuwa na la kufanya. Alikuwa analinda kwa macho.

Ningemwambia kwamba mimi nalinda kitu hichohicho. Nimeshamwambia. Hoja zangu zote nimezimaliza, na nyingine nimezirudia mpaka zimekuwa kelele.

Greda ni mtondo. Likipita mara moja, michu itakuwa udongo wa tuta, na kaa watazikwa humohumo.

Nimemwomba Athumani jembe. Hakuuliza la nini. Alisema mpini wake una vibanzi, niangalie viganja.

Jumatano, 24 Septemba

Nimelikata.

Jana asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Sikujificha. Nilianzia pale kaa walipopatoboa zaidi. Udongo ulikuwa umeshalegea, nusu ya kazi nilikuta imefanywa. Upana wa mlango wa nyumba, kina mpaka usawa wa tope la nje. Athumani alikaa mbali, akavuta sigara, hakunisaidia, hakunizuia. Ilipofika adhuhuri viganja vyangu vilikuwa vimechubuka na pengo lilikuwa pengo.

Alasiri bahari ikaja. Nilikuwa naogopa, naandika hilo kwa kuwa ni kweli. Haikuruka wala kupiga. Ilipita kwenye pengo, ikatandaa bwawa zima, ikafunika michu, ikafika kwenye tuta la ndani linalolitenga na mabwawa mengine, ikakoma hapo. Jioni ikatoka ilikoingilia. Ukuta wa makaburi ulikuwa mkavu.

Nikaenda kumwambia Baba. Alikuwa barazani, ameona kila kitu. Nilisema, "Nimekata, Baba. Sitaziba." Alitikisa kichwa, si kukataa, si kukubali, akaingia kuswali magharibi.

Leo asubuhi hakwenda lango la mashariki. Aliketi mkekani, akampigia simu mtu wa Pongwe, akamwambia asije, greda halina pa kupita. Alivyolitamka ungedhani ni habari ya barabara ya watu wengine. Kisha akachukua birika. Akamimina chai yake, ya Mama, yangu. Mama akaduwaa na kikombe mkononi. Nje, matundu yote yalikuwa wazi.

"Sijakusamehe," Baba akasema. Akanisogezea sukari.

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto. Sijawahi kunywa chai ya moto hivyo katika nyumba hii.

Jembe nimelirudisha. Mti wa Babu niliukuta umeegemezwa mlangoni mwangu. Nimeuchomeka kwenye pengo na kuutia alama kwa kisu, pale maji ya jana yalipofika.