Asiguse Mtu Mpaka Nifike

Picha ya Ndege, Kibaha
9 Februari 2025

Baba Mwishehe,

Shikamoo. Hamjambo hapo Maneromango? Mguu wa mama Rukaya unaendeleaje? Mimi mzima, ila upweke unanila. Wanafunzi wangu wa tiba ya mifugo ni arobaini, na saa kumi jioni wote wameshaondoka. Huko Kisarawe, nilipokuwa daktari wenu wa mifugo, nilikuwa sipumziki kwa kuitwa. Hapa wiki ya sita hii hajabisha mtu. Nikisikia pikipiki nasimama, inapita. Ng'ombe wenu Siwema akikaribia kuzaa nipigieni, nitakuja.

Mwanao,
Atupele

Maneromango
27 Februari 2025

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Sisi wazima, mguu wa mama yako unavumilika. Naandika kwa sababu simu siisikii vizuri tena, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele.

Siwema amekufa na ndama tumboni. Alianza uchungu alfajiri, mguu mmoja ukatoka, ukakwama. Mama yako alikupigia, hukupatikana. Bwana mifugo wa kata alikuja, akavua shati, nikamzuia. Miaka tisa umetuambia, "Asiguse mtu mpaka nifike." Nikasubiri hadi adhuhuri.

Baba yako,
Mwishehe

Kibaha
3 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Hali sikuulizi, naijua. Siku ile nilikuwa nasimamia mtihani, simu nimeizima. Lakini kosa si la simu. Neno lile nilianza kulisema baada ya jirani yenu kuvuta ndama kwa kamba akamuua. Nikaendelea nalo kwa kuwa nilipenda kusubiriwa. Nisamehe, baba.

Mwezi wa saba anakuja mwanafunzi wangu Firdausi, kwa mazoezi ya vitendo. Yule mtamba aliyezaliwa na Siwema, mwenye mimba sasa, akishikwa na uchungu, mwache aingize mkono. Usinisubiri.

Mwanao,
Atupele

Kibaha
29 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Barua ya Machi hujanijibu. Firdausi anafika keshokutwa. Mtamba akizaa, nitapita Jumamosi inayofuata kumkagua.

Mwanao,
Atupele

Maneromango
14 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Nilikuwa na hasira, nikaona bora ninyamaze kuliko kukuandikia maneno ya kujutia.

Mtamba kazaa jana. Ndama kichwa kilikuwa kimegeukia nyuma. Nilitaka kumwambia binti angoje, mama yako akanivuta kanzu: "Mwishehe, mwache mtoto afanye kazi." Firdausi akaingiza mkono, akamsukuma ndama ndani kidogo, akakigeuza kichwa, huku anasema na ng'ombe taratibu, vile vile kama wewe. Ndama jike, ananyonya. Majirani nao wanamwita Firdausi daktari.

Jumamosi usijisumbue, mwanangu. Safari ndefu, na daktari tunaye.

Baba yako,
Mwishehe

Kibaha
20 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wanafunzi, wakapiga makofi. Jioni nimelia peke yangu. Firdausi amefanya vile nilivyomfundisha, na roho inaniuma.

Jumamosi hii nakuja. Najua hamna mgonjwa. Miaka tisa nawaita baba na mama, lakini sijaingia kwenu bila kuitwa kutibu ng'ombe, sijui hata huwa mnamkaribisha mgeni akae wapi. Nipokeeni hivyo hivyo.

Mwanao,
Atupele