Safari ya Maonyesho Bila Annelise

Wakazi wote wa nyumba hii wanaarifiwa kwamba haradali imehamishiwa kwenye friji ya gari-nyumba tunalolala safarini, na haitarudi hadi maonyesho ya jimbo yamalizike.

Nimeenda kujaza mtungi wa gesi. Torvald, kunja viti vya nje. Mama Annelise, usimbembeleze binti yetu. Alinipigia mwenyewe asubuhi.

“Baba, safari hii nendeni tu bila mimi. Yule ng'ombe wa maonyesho aliyechongwa kwa siagi ni yuleyule kila mwaka, jamani!”

Sikumwambia kwamba mimi huenda kwa sababu hiyohiyo. Nilisema, “Haya, mwanangu,” nikatoka kukagua matairi niliyoyakagua jana.

Torvald, ~~kitanda cha juu cha dada yako sasa ni chako~~ utalala kitanda cha chini kama kawaida.

Imeamuliwa rasmi: kitanda cha juu kitatandikwa shuka za Annelise, na hakuna atakayekilalia.

Baba